Mizambarau ya Bi Sihaba

Watu wa Mirongo walikuwa na midomo. Tukubaliane hilo kwanza ndipo tuendelee, maana bila midomo yao habari za Sihaba binti Yahaya zingekuwa fupi na nzuri: mwanamke alipanda miti, watu wakapata kivuli, basi. Lakini wapi.

Hakuwa mzaliwa wa mjini. Alitoka ng'ambo, Busisi, alikoolewa na Seif, mchuuzi wa chumvi na sabuni. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Mwaija, msichana wa miaka minne mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Kiangazi cha mwaka hamsini na mbili mtoto akashikwa na homa isiyosikia dawa ya majani wala ya duka. Seif alikuwa safarini. Sihaba akamfunga mgongoni, akavuka maji kwa mtumbwi, akaomba lifti kwenye lori la pamba, na saa sita mchana akawa amefika Mirongo, kwenye kile kijumba cha matibabu kilichoitwa dispensari ya mtoni.

Lango limefungwa. Dresa aliyetoa dawa aliona wagonjwa asubuhi, kisha lango lilifungwa hadi saa nane, ndivyo ilivyokuwa amri. Askari wa lango hakuwa na roho mbaya, alikuwa na amri tu, na mwenye amri huwa hana masikio. Akamwonyesha uwanja uliokuwa mbele ya lango akamwambia angoje pale na wenzake.

Uwanja wenyewe! Watu wa mji walikuwa wamekata kila kitu kilichoota, toka lango mpaka mto, kwa sababu ya mbu. Hapakuwa na mti, kichaka wala ukuta. Akina mama walikaa chini kwenye changarawe ya moto, kila mmoja amejitandia kanga yake kichwani. Sihaba alimfunika Mwaija, akaona anamziba pumzi, akamfunua. Jua likampiga, akamfunika tena. Alifanya hivyo saa mbili nzima. Lango lilipofunguliwa mtoto alikuwa ameshakata roho.

Labda angekufa hata kivulini. Dresa alimwambia hivyo, tena kwa upole, kwamba homa ile ilikuwa imeshapanda kichwani. Lakini mama huwezi kumwambia hivyo akakuelewa. Tangu siku ile Sihaba alijua jambo moja na hakutaka kujua la pili: mwanawe alikufa kwa kukosa kivuli.

Hakuwa na ndugu mjini. Aliyemwokoa ni Bi Mwanaharusi, mwanamke wa Kimanyema aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa mzima. Alimwosha Mwaija uani kwake, akamvisha sanda aliyoitoa kwenye sanduku lake mwenyewe, na usiku akamlaza Sihaba kitanda kimoja naye kama mtoto mdogo. Seif alikuja baadaye, akalia sana, akasema turudi nyumbani. Sihaba akakataa kuliacha kaburi. Seif akangoja, akachoka kungoja, akaoa mwingine. Talaka ililetwa na mjumbe. Sihaba alimkaribisha mjumbe chai, akamshukuru kwa kufika salama.

Kwa Bi Mwanaharusi alijifunza kazi. Alijifunza kutwanga majani ya mkunazi na kuyachanganya kwenye maji ya kuoshea, kutia kafuri mwishoni, kuugeuza mwili pole pole kana kwamba mwenyewe amelala tu. Alijifunza pia kufukia ule ufuo, shimo linalochimbwa chini ya kitanda ili maji ya maiti yaingie humo yasitapakae, maana watu wanayaogopa maji yale kuliko nyoka. Bi Mwanaharusi alipokufa, yeye ndiye aliyemwosha, na tangu hapo kukifiwa na mwanamke au mtoto usiku au mchana mlango uliogongwa ulikuwa wake. Watu walimheshimu. Walimletea chakula, ila chakula chake hawakula. Alikuwa akisuka mikeka ya ukindu akiuza sokoni, na wanunuzi waliianika kwanza juani siku nzima kabla ya kuikalia. Yeye aliona, akaendelea kusuka.

Sasa ile miti.

Masika ya mwaka hamsini na tatu alionekana uwanjani na jembe bovu, anachimba. Kule kwenye nyumba za Wazungu palikuwa na mizambarau mikubwa, na chini yake miche ilijiotea yenyewe kama magugu. Alikuwa ameiomba kwa mtunza bustani, akaibeba kichwani kwenye ungo. Aliipanda mbele ya lango kabisa, pale akina mama walipokaa, na pembeni karibu na mto akapanda mkunazi mmoja, kwa ajili ya kazi yake. Watu wakamuuliza nani amemtuma. Akasema amejituma. Wakauliza analipwa na nani. Akasema halipwi. Basi wakaondoka wanacheka, maana wakati ule kupanda miti ilikuwa amri ya serikali huko vijijini, watu walipigwa faini kwa kutoipanda, na huyu mwenzao anapanda kwa hiari yake na mjini!

Haukupita mwezi Bwana Afya, Mzungu aliyesimamia usafi wa mji, akatuma watu na mapanga wakafyeka miche yote. Sihaba akapanda tena. Wakafyeka tena. Mara ya tatu akaenda mwenyewe ofisini, akakaa kwenye kibaraza kutwa, na kesho yake akarudi, na keshokutwa, mpaka yule Mzungu akatoka kuuliza mwanamke huyu anataka nini. Walielewana, kwa msaada wa karani aliyetafsiri. Miti sawa. Lakini nyasi hakuna, na marufuku kuchimba bakuli la kutuamisha maji kuzunguka shina, kwa sababu mbu hutaga humo. Akiona dimbwi hata moja, anafyeka.

Mti mchanga wa kiangazi bila bakuli la maji unaishije? Sihaba alikuwa amelelewa na bibi aliyelima mboga kwenye mchanga wa ziwa, akakumbuka alivyofanya. Akatafuta vyungu vilivyopasuka, vya kutupwa, akavifukia kimoja kimoja karibu na kila shina, mdomo tu ukiwa juu. Maji unayamimina ndani ya chungu, yanajipenyeza taratibu kwenye udongo, mizizi inakunywa, na juu hakuna hata tone. Ili mbu wasiingie mdomoni mwa chungu, alikuwa akiuziba kwa fumba la majani. Majani yenyewe aliyachuma kwenye mti uliokuwa karibu. Mkunazi.

Hakuona ubaya, jamani. Kwake mkunazi ulikuwa usafi.

Baadaye alipata wenzake. Wa kwanza alikuwa Wilhelmina, Mkerewe, muuza samaki, Mkatoliki wa kupiga magoti kila jioni. Naye aliwahi kukaa pale juani na mtoto, wake akapona. Wilhelmina hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alikuja jioni moja na debe la maji kichwani na vyungu viwili vibovu kwapani, akasema kama ni wazimu bora tuwe wawili. Wakaja na wanawake wengine wa sokoni, leo huyu, kesho yule, kila mmoja na debe lake toka mtoni. Mbuzi wa mzee Luhaga walitafuna mche mmoja, Sihaba akamfuata mzee nyumbani akamsema mbele ya wake zake mpaka mzee akaona haya. Wiki hiyo hiyo Luhaga mwenyewe alileta miiba ya kuzungushia. Hakuna aliyepata hata senti, na hakuna aliyeiulizia.

Kufikia mwaka hamsini na tisa matawi yalikuwa yamekutana. Ukitoka kwenye changarawe ukaingia pale chini ulihisi umeingia nyumba nyingine. Akina mama walitandika kanga zao, watoto wenye homa wakalazwa, wenye nguvu wakaokota zambarau na kujipaka rangi midomo. Wapo waliosita mwanzoni kwa sababu ya kazi ya mwenye miti, lakini jua la saa saba lina njia yake ya kumshawishi mtu. Sihaba hakukaa nao. Alikuwa anakuja mchana na kusimama upande wa mto, anatazama. Wilhelmina alimkuta hapo siku moja anatabasamu peke yake, akamtania kwamba amepata mchumba. Sihaba akasema hapana, nimefurahi tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo tangu wajuane.

Ikakaribia Desemba ya Uhuru. Mji mzima ulikuwa unafagiliwa na kupakwa chokaa. Vijana wa mtaa, wakiongozwa na mmoja aitwaye Chenge, kijana mwenye adabu zake na sauti kubwa, waliamua mlingoti wa bendera usimame uwanjani, mahali pazuri, kati ya mizambarau. Wakaanza kuchimba kwa sururu. Sururu ikapiga chungu.

Chungu kikavunjika vipande. Kikatoka maji meusi na majani yaliyooza, na harufu. Hakuna mtu wa Mirongo asiyeijua harufu ya mkunazi uliolowa. Mtoto mdogo anaijua, kwa kuwa ndiyo inayotoka chumba cha nyuma siku ya msiba. Vijana wakarudi nyuma. Mmoja akachimba shina la pili kwa ncha ya jembe, akakuta kingine. La tatu, kingine. Vyungu vimezikwa, kila mti na chake, vimejaa maji ya mkunazi, na aliyevizika ni mwosha maiti. Nani angekaa kufikiri?

Wakati huo huo Sihaba alikuwa nyumba ya tatu toka sokoni anamwosha bibi mmoja. Alipotoka, habari ilikuwa imeshavuka soko na kurudi. Kumbe ndiyo sababu miti yake inanawiri kiangazi! Kumbe yale maji hayafukiwi, yanabebwa! Na sisi tumelaza watoto wetu hapo!

Kesho yake asubuhi alikwenda uwanjani akakuta jambo ambalo hakulitegemea maishani mwake. Kivuli kilikuwa kitupu. Akina mama walikuwa wamekaa juani, hatua chache tu pembeni, wamejitandia kanga vichwani.

Aliwaeleza. Aliwaeleza habari za Bwana Afya na amri yake ya madimbwi, lakini Bwana Afya alikuwa ameshafunga mizigo yake na kurudi kwao. Akaeleza habari za mbu. Akaapa kwamba ni maji ya mto, matupu. Wilhelmina naye akaja akapiga kelele kwamba yeye mwenyewe ameyabeba, kichwa hiki hiki. Walisikiliza wote, hakuna aliyewakatiza. Kisha binti mmoja wa Kisukuma, Ng'washi, aliyeolewa na fundi cherehani wa mtaa huo, akainua uso. Alikuwa amepakata mtoto mchanga wa kike anayehema haraka haraka.

"Shikamoo Bi Sihaba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Sisi hatusemi kwamba wewe ni mbaya. Ila huyu mtoto ni wangu."

Na hakuinuka. Ungemfanya nini? Sihaba alisimama kati ya Ng'washi na jua, akajaribu kumkinga kwa kanga yake mwenyewe, Ng'washi akasogea pembeni kwa heshima.

Mtoto yule alikufa juma lile lile. Sihaba aliitwa kumwosha. Ndiyo, yeye yeye, nani mwingine? Walimwekea maji, wakasimama mlangoni kuangalia ufuo unafukiwa mpaka mwisho. Aliuosha ule mwili mdogo, na alipofika mabegani akaona ngozi imebabuka kwa jua. Akaipitishia maji mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Wanawake waliokuwa pale walidhani amesahau hesabu.

Baada ya matanga Chenge aliitisha mkutano uwanjani. Walikuja na mashoka. Chenge hakuwa adui, tumtendee haki. Alimvuta Sihaba kando kabla ya kuanza akamweleza mambo yalivyo: wanawake wamekataa kukaa, na mti usiokaliwa ni afadhali ukatwe upatikane mbao za jukwaa. Njia nyingine ilikuwepo. Shehe yuko tayari kusoma dua mahali pale, watu wa kanisa nao wako tayari, na wazee wa Kisukuma pia. Lakini kitu husafishwa kikiwa kimechafuliwa. Kama yeye anashikilia kwamba hakufanya, basi hakuna cha kusafisha, na watu hawatakaa, na shoka liko pale.

Sihaba akauliza, "Wakisafisha, watakaa?"

"Watakaa, mama. Wanataka kukaa. Jua linawaua."

Akainama akaokota jani moja, akalichana chana vidoleni. Halafu akaenda katikati ya watu. Wilhelmina alidhani anakwenda kujitetea, akamfuata nyuma kumsaidia.

"Nilifanya," Sihaba akasema. "Nilikuwa nikichukua maji ya maiti nikiimwagilia miti hii. Ni mimi peke yangu, wenzangu hawakujua. Yaondoeni, muisafishe miti, muiache."

Wilhelmina alimshika mkono kwa nguvu, akataka kusema. Sihaba akamtazama mara moja tu. Wilhelmina akaufunga mdomo, na ndiyo dhambi aliyoipeleka kwa padre kila Jumamosi kwa miaka, padre akiwa haelewi dhambi yenyewe iko wapi.

Basi ikawa kelele, mate, na maneno ambayo hayafai kurudiwa. Ng'washi, aliyefiwa na mwanawe, alisogea mbele. Alimtazama tu, na Sihaba aliyapokea macho yale bila kuinama. Fikiria hapo kidogo. Mwanamke amejitwika mauaji ya mtoto ambaye alitaka kumwokoa, tena mbele ya mama yake mtoto.

Vyungu vikafukuliwa vyote vikatupwa ziwani. Mkunazi ukang'olewa. Shehe akasoma, wanakwaya wakaimba, mzee Ndalahwa, mmoja wa wale wazee wa Kisukuma, akanyunyiza unga na maji kwenye kila shina, kwa sababu Mirongo ni mji wa watu wengi na hakuna aliyetaka dawa ya mwenzake peke yake. Sihaba akaamriwa asikanyage tena uwanja ule maisha yake yote. Akaitikia. Siku ya bendera kivuli kilijaa watu, na tangu hapo hakikuwa kitupu tena.

Na kazi? Walimfukuza kazi? Thubutu! Walimtemea mate njiani mchana, na usiku wakimgongea mlango: Bi Sihaba, tumefiwa, njoo. Alikwenda. Mjini walimwita mchawi na majumbani wakampa maiti zao, na hakuna aliyeona kwamba maneno hayo mawili hayakai pamoja. Wilhelmina ndiye aliyebaki kuitunza mizambarau, akikata matawi makavu na kufagia, na jioni akipita kwa Sihaba kumweleza tawi gani limechanua. Sihaba alisikiliza akisuka. Akitaka maji ya mto alizunguka kwa nyuma ya soko, njia ndefu, na hata kaburi la Mwaija alilifikia kwa kuzunguka.

Kiangazi cha mwaka sitini na tatu alishikwa na kichomi. Alikohoa akijificha, alivyozoea kujificha kila kitu, mpaka Wilhelmina alipomkuta sakafuni hawezi kuinua kichwa. Akamtia begani, akamkokota mpaka dispensari. Saa sita ilikuwa imepita. Uhuru ulikuwa umekuja, dresa mpya alikuwa mwenzetu, na lango bado lilifungwa mpaka saa nane.

Wilhelmina akageuka naye kuelekea kivulini. Sihaba akakaza miguu.

"Pale hapana."

"Unaungua na homa, dada. Wewe ndiye mwenye miti hii. Leo nitawaambia wote, nasema kweli nitawaambia."

"Ukiwaambia hawatakuamini," Sihaba akasema, na kila neno alilivuta kwa shida. "Watajua tu kwamba nimekaa hapo. Watainuka na watoto wao watoke. Niweke hapa."

Wilhelmina alilia waziwazi, mtu mzima, njiani. Kisha akamkalisha pale pale kwenye changarawe, akakaa nyuma yake amwegemee, akamfunika kanga. Akaona inamzibia pumzi, akaifunua. Kule kivulini watoto walikuwa wanagombania zambarau, na mama mmoja alikuwa anabembeleza mtoto alale. Sihaba aliwatazama kwa muda mrefu, macho wazi, na Wilhelmina alifikiri anapata nafuu.

Lango lilipofunguliwa akina mama waliinuka wakajipanga. Mmoja wao, mgeni aliyetoka ng'ambo alfajiri ile, aliwapita hao wawili akasimama. Aliinama akamwangalia Sihaba usoni, halafu akamgeukia Wilhelmina kwa hasira.

"Wewe mama una moyo gani," akasema, "kumweka mgonjwa juani na kivuli kile pale?"

 Wilhelmina alikuwa anatafuta pindo la kanga amfunike Sihaba uso.